Jina lilitoka New York, ugomvi ukabaki Mererani

MOSHONO, Arusha. Likitajwa neno ambalo Kiingereza kimelipata Afrika Mashariki, wengi hutaja "safari". Watu wa Arusha wana jingine, "tanzanite", jina la kito cha buluu, na halikutoka kwa Mmaasai wala Mswahili. Lilibuniwa na wauza vito wa Marekani.

Kitaalamu jiwe hilo ni zoisite, jina la tangu mwaka 1805 linalomuenzi Sigmund Zois, bwanyenye wa nchi ambayo leo ni Slovenia. Kampuni ya Tiffany ya New York ilipotaka kuliingiza sokoni mwaka 1968 iliona jina hilo ni mkosi, kwa kuwa matamshi yake yanakaribia neno la Kiingereza la kujiua. Henry Platt wa Tiffany akachagua jina la nchi lilikochimbwa, nchi ambayo nayo ilikuwa na miaka minne tu tangu iitwe Tanzania.

Jina likatulia. Suala la nani aligundua jiwe halijatulia hadi leo.

Manuel de Souza, fundi cherehani wa Arusha mwenye asili ya Goa aliyependa kutafuta madini, alilikuta Mererani Julai 1967, akadhani ni yakuti samawi, akasajili vitalu. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1969. Jumanne Ngoma naye alisimulia kuwa yeye ndiye aliyetangulia, Januari 1967. Wafugaji wa Kimaasai wana simulizi yao: radi ilipiga, nyika ikaungua, mawe ya kahawia yakageuka buluu. Simulizi hiyo haiko mbali na sayansi, maana hata leo mawe mengi huchomwa ili yapate rangi hiyo.

Aprili 6, 2018, akizindua ukuta wa kilomita 24.5 kuzunguka migodi ya Mererani, Rais John Magufuli alimtambua Ngoma kuwa mgunduzi na kuahidi kumpa shilingi milioni 100. Heshima ilimkuta mzee na mgonjwa. Mwaka uliofuata akafariki.

Yaliyofuata yanajulikana, ikiwamo bahati ya mchimbaji Saniniu Laizer, aliyelipwa shilingi bilioni 7.74 kwa mawe mawili ya tanzanite mwaka 2020.

Mwaka 2027 itatimia miaka 60 ya ugunduzi. Wizara ya Madini na shule za Arusha ziandike historia hii yote, ya Ngoma, ya de Souza na ya wafugaji, wangali hai wanaoikumbuka.