Jinsi dakika za intaneti ya simu zilivyohesabiwa

Programu ya kuhesabu muda wa intaneti ni programu ndogo ya kompyuta iliyorekodi saa ambayo modemu ilipiga simu, saa ambayo simu ilikatika, na kiasi cha fedha ambacho mwenye laini angedaiwa kwa muda huo. Programu za aina hii zilienea katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati ambapo kusoma barua pepe kulimaanisha kupiga simu, na kila simu ilikuwa na bei yake.

Mjini Nairobi au Mombasa mtu angeweza kuipuuza hesabu hiyo kwa mwezi mmoja au miwili. Katika maeneo kama Kinondo, kusini mwa Diani katika Kwale, kuipuuza kulikuwa hatari. Kinondo ni eneo la vijiji vya Wadigo, wavuvi na wakulima wa minazi, lenye msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, mojawapo ya makaya ya Mijikenda yaliyotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka wa 2008. Pia liko kwenye ukanda wa utalii unaoanzia Diani na kupitia Galu. Mwenye nyumba ya wageni aliyetaka kujibu barua ya mteja wa Ujerumani au Uingereza alihitaji intaneti, na intaneti ilihitaji simu ya waya. Simu iliyokatwa kwa sababu ya bili ilimaanisha chumba kitupu msimu mzima.

Simu zenyewe zilikuwa chache. Katika miaka ya kwanza ya 2000 Kenya nzima ilikuwa na laini za waya zisizozidi laki tatu na nusu, na nyingi zilikuwa mijini. Huduma hiyo ilikuwa mikononi mwa Telkom Kenya, iliyozaliwa mwaka wa 1999 wakati shirika la zamani la posta na simu, KPTC, lilipogawanywa. Telkom pia ndiyo iliyomiliki Jambonet, njia kuu ya kupeleka mawasiliano ya intaneti nje ya nchi, na ukiritimba wake ulidumu hadi mwaka wa 2004. Kampuni zilizouza intaneti kwa wananchi, kama vile Africa Online, zilikuwa na modemu zao katika miji mikubwa, na mteja alizipigia simu.

Hapo ndipo gharama ilipogawanyika mara mbili. Mteja alilipa kampuni ya intaneti, kwa mwezi au kwa saa, kisha akalipa simu iliyomfikisha kwa kampuni hiyo. Bei ya kwanza ilijulikana mapema. Ya pili ilijulikana bili ilipofika.

Kwa watu wa Kinondo kulikuwa na jambo la ziada. Diani na Ukunda zilikuwa na msimbo wao wa simu, 0127, ilhali Mombasa ilitumia 011. Baadaye misimbo hiyo ikawa 040 na 041. Katika mtindo wa simu wa wakati huo, bei ilitegemea umbali, na mji uliokuwa ng'ambo ya kivuko cha Likoni haukuwa mtaa mmoja na Ukunda. Baadhi ya nchi za Afrika, Senegali na Malawi zikiwemo, zilikubali kwamba simu ya kwenda kwa kampuni ya intaneti itozwe bei ya mtaani popote mteja alipo. Mahali ambapo mpango wa namna hiyo haukuwepo, aliye mbali na mji alilipa zaidi kwa huduma iliyokuwa duni zaidi.

Ili kuelewa kazi ya programu hizi ni lazima kwanza kuelewa namna simu ya waya ilivyopimwa. Eksichenji za aina ya zamani hazikuhesabu sekunde wala shilingi. Zilihesabu uniti. Bei ya uniti moja ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni muda ambao uniti hiyo ilidumu. Simu ya karibu ilipewa uniti ndefu, ya mbali ikapewa fupi, na usiku au mwisho wa juma uniti ilirefushwa. Mita ilisukumwa mbele kila uniti mpya ilipoanza, hata kama mteja angekata sekunde moja baadaye. Mwisho wa mwezi tarakimu za mita zilisomwa, zile za mwezi uliotangulia zikaondolewa, na tofauti ikawa bili. Mita ya namna hiyo haikukumbuka nambari iliyopigwa, siku wala saa. Ilijua jumla tu.

Kwa hiyo mwenye laini aliyeletewa bili kubwa hakuwa na la kusema. Je, ni mtoto aliyempigia shangazi yake Nairobi, au ni kompyuta iliyoachwa wazi usiku? Bili haikujibu. Orodha iliyotunzwa na programu ya kuhesabu muda ndiyo iliyokuwa ushahidi pekee wa mchanganuo ndani ya nyumba, na hiyo ndiyo faida yake kubwa, pengine kuliko hesabu yenyewe ya shilingi.

Windows, iliyotumiwa na wengi, ilionyesha muda wa simu iliyokuwa ikiendelea katika dirisha dogo, na ingeweza kuandika faili la kumbukumbu za modemu. Haikujua bei. Waliotaka bei walitafuta programu za ziada, nyingi zikiwa za bure au za majaribio, zilizoandikwa Ulaya ambako simu za mtaani pia zililipiwa kwa dakika. Nchini Marekani, ambako simu ya mtaani aghalabu haikuhesabiwa dakika, haja hiyo ilikuwa ndogo.

Mfano ulioeleweka vizuri zaidi ni KPPP, programu ya kupigia simu iliyokuja pamoja na mazingira ya KDE kwenye Linux tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. KPPP ilikuwa na sehemu ya uhasibu. Mtumiaji alichagua faili la kanuni za kampuni yake ya simu, na kama halikuwepo aliliandika mwenyewe kwa kihariri cha kawaida cha maandishi. Ndani yake aliweka alama ya fedha, gharama ya kuanzia simu, bei ya uniti na urefu wake kwa sekunde, kisha siku na saa ambazo bei ilibadilika. Programu ilihesabu pia baiti zilizopita, kwa wale waliotozwa kwa wingi wa data.

Faili hilo lilionyesha wazi kwamba liliundwa Ulaya. Sikukuu ziliweza kuandikwa kwa tarehe, au kwa kuhesabu siku kutoka Pasaka, na programu ikaitafuta Pasaka yenyewe kila mwaka. Idd-ul-Fitr, ambayo ni sikukuu ya kitaifa nchini Kenya na ndiyo kubwa kwa Waislamu wengi wa Kinondo, haikuwa na neno lake, kwa kuwa hufuata mwezi. Aliyetaka ihesabiwe kwa bei ya sikukuu aliiandika upya kila mwaka, baada ya mwezi kuandama. Isitoshe, tarehe ziliandikwa mwezi kwanza, kisha siku. Jamhuri haikuleta shida, maana 12/12 husomeka sawa pande zote mbili. Lakini aliyeandika 1/6 akikusudia Madaraka alikuwa ameipa kompyuta yake sikukuu ya tarehe 6 Januari.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la kuhesabu sekunde mahali ambapo eksichenji ilihesabu uniti. Tuseme uniti ni dakika 3, na mwenye nyumba ya wageni anachungulia barua pepe mara kumi kwa siku, sekunde 40 kila mara. Jumla ni dakika 6 na sekunde 40. Programu inayogawanya sekunde itamwambia ametumia uniti mbili na kidogo. Mita ya eksichenji itakuwa imesonga mara kumi. Kwa simu moja ya muda uleule angetozwa uniti 3. Programu nzuri zilimruhusu mtumiaji kutaja urefu wa uniti na zikapandisha kila sehemu iliyobaki hadi uniti kamili. Zilizo mbovu zilimdanganya kwa nia njema.

Kulikuwa na dosari nyingine ambayo hata programu nzuri ziliikosa. Simu ilianza kutozwa pale modemu ya kampuni ilipoinua, yaani kabla ya milio ya modemu mbili kuafikiana na kabla ya neno la siri kukubaliwa. Maafikiano hayo yaliweza kuchukua sekunde 20 au zaidi. Programu nyingi zilianza saa yao baada ya muunganisho kukamilika. Simu ambayo kompyuta iliiandika kuwa ya dakika 2 na sekunde 50 ilikuwa imepita dakika 3 kwenye eksichenji, na uniti ya pili ilikuwa imeanza. Neno la siri lililokataliwa halikuandikwa kabisa na baadhi ya programu, ingawa simu ilikuwa imepokewa na uniti imekwenda. Waliolijua jambo hili waliongeza nusu dakika kwa kila simu kabla ya kulinganisha na bili.

Ulinganisho wenyewe ulihitaji daftari. Laini ileile ilitumiwa kwa mazungumzo, na kompyuta haikuona simu zilizopigwa kwa mkono. Mtu makini aliweka daftari kando ya simu, akaandika kila simu ya mazungumzo, na mwisho wa mwezi akajumlisha daftari na kumbukumbu za kompyuta. Tofauti ndogo ilivumilika. Tofauti kubwa ilikuwa na maana: huenda mtu alipiga bila kuandika, au waya umeunganishwa na mwingine njiani, au kompyuta yenyewe imeharibiwa.

La mwisho halikuwa dhana tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulienea duniani programu za hila zilizoingia kwenye kompyuta na kubadilisha nambari ya kupigia, hivi kwamba modemu ilipiga simu ya kimataifa ya bei kali badala ya nambari ya kampuni ya intaneti. Mwenye kompyuta aliona tovuti zikifunguka kama kawaida. Programu ya muda iliyoandika nambari iliyopigwa, na si dakika pekee, ilimwonyesha kosa siku hiyohiyo badala ya mwezi uliofuata.

Hata bila hila, dakika nyingi zilipotea kwa kungoja. Modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde ilifikia kasi yake kwenye waya safi na wa karibu na eksichenji. Kwenye waya mrefu wa mashambani, wenye viungo vilivyoshika kutu ya chumvi ya bahari, kasi ilishuka. Kwa kilobiti 33.6, picha moja ya megabaiti 1 ilihitaji zaidi ya dakika 4 hata pasipo kukwama. Laini ikikatika dakika ya tatu, kazi ilianza upya na uniti pia. Tena, hadi mwaka wa 2009 mawasiliano ya Kenya na nje yalipitia setilaiti. Kabla ya kituo cha KIXP kuanza kubadilishana mawasiliano ya ndani kwa uthabiti mwaka wa 2002, barua pepe kutoka Ukunda kwenda Mombasa kwa mteja wa kampuni nyingine ingeweza kuzunguka ng'ambo kwanza. Kwa sababu hiyo ushauri uliofuatana na programu hizi ulikuwa wa aina moja: andika barua zote kabla ya kupiga simu, zipeleke na kupokea nyingine kwa mkupuo mmoja, kata, kisha soma.

Wasio na simu nyumbani walitumia saiba. Huko programu iliyohesabu ilikuwa ya aina nyingine, kwa mfano HandyCafe ya Uturuki, iliyofunga kioo cha kompyuta hadi mhudumu aifungue na kukifunga tena muda ulipoisha. Saa yake ilipima muda wa mteja kwenye kiti, si muda wa simu. Laini ilipokatika, dakika za mteja ziliendelea kukimbia, naye akagoma kulipa; mwenye saiba alipopiga tena, uniti mpya ilikuwa juu yake. Mvutano huo haukuwa na suluhisho ndani ya kompyuta, ila kwa mhudumu aliyesimamisha saa kwa mkono.

Nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa katikati ya mwaka wa 2009. Kufikia wakati huo modemu za simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuichukua nafasi ya waya wa shaba, na kipimo kilikuwa kimehama kutoka dakika hadi megabaiti. Kwingineko duniani huduma ya kupiga simu ilidumu zaidi; AOL ya Marekani iliifunga yake tarehe 30 Septemba 2025.

Kazi ya kuhesabu iliingia ndani ya simu yenyewe. Tangu mwaka wa 2011 Android imekuwa na ukurasa wa kuonyesha data iliyotumiwa na kila programu, wenye mahali pa kuweka onyo na kikomo. Ukurasa huo ulikuja na tahadhari kwamba hesabu ya kampuni ya simu yaweza kutofautiana na ya simu.