Sikio Lililofanya Kazi ya Jicho

Ewe msomaji, ulipomaliza insha yako ya mwisho, bila shaka uliisoma tena kabla ya kumpa mwalimu, ukafuta herufi iliyozidi na kutia nukta uliyoisahau. Ikiwa una macho mazima, jambo hilo waliona dogo. Lakini kwa mwandishi asiyeona lilikuwa mlango uliofungwa kwa karne nyingi: aliweza kutunga, wala hakuweza kusahihisha maandishi yake peke yake.

Mtazame John Milton, mshairi wa Uingereza. Alipofuka kabisa mwaka 1652, na utungo wake mkuu, Paradise Lost, ulichapishwa mwaka 1667. Ilimbidi atamke mistari, wengine waiandike. Na alipotaka kujua yaliyoandikwa, ilimbidi angoje mtu wa kumsomea.

Mwanzoni mwa karne ya 19, Mwitalia mmoja, Pellegrino Turri, alimtengenezea rafiki yake asiyeona, Carolina Fantoni, mashine ya kupigia chapa. Mashine hiyo imepotea, lakini zimesalia barua alizozipiga bibi huyo, nazo zaanzia mwaka 1808. Basi hakuhitaji tena mwandishi, ila msomaji alimhitaji bado. Kidole kilipoteleza kikapiga herufi ya jirani, karatasi haikumwambia neno. Mwaka 1824 Louis Braille, kijana Mfaransa wa miaka 15, alibuni nukta za kusomwa kwa vidole; walakini barua iliyopigwa chapa kwa ajili ya wenye macho ilibaki bubu.

Karatasi ilipata ulimi zilipokuja kompyuta. Ted Henter, Mmarekani aliyekuwa mshindani wa mbio za pikipiki, alipoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Mwaka 1989 kampuni yake ilitoa JAWS, programu isomayo kwa sauti maneno yaliyo katika kioo cha kompyuta. Bei yake ilikuwa kubwa. Na mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye haoni, akaanza kuunda NVDA, ambayo hutolewa bure na yaweza kusoma hata Kiswahili.

Je, taabu ikaisha? La. Sikio nalo hudanganyika. Ukipiga “mto” mahali pa “moto”, sikio hushtuka mara moja, hali programu ya tahajia huliacha neno lipite, maana yote mawili ni halali. Lakini “hawa” na “Hawa” sauti huyatamka sawasawa, ingawa la pili ni jina la mtu. Katika Kiingereza shida huzidi: “sea” ni bahari, “see” ni kuona, wala sikio halitofautishi.

Ndiyo sababu mwandishi hodari asiyeona husahihisha mara mbili. Kwanza husikiliza sentensi nzima, apate kujua kama maana imenyooka. Kisha, penye majina, tarakimu na maneno ya shaka, huenda herufi kwa herufi, akitumia vitufe vyenye mishale, na kuiamuru mashine itaje kila herufi kubwa na kila alama. Ni kazi ya saburi. Lakini mwenda pole hajikwai.

Nawe uonaye, usidhani kwamba somo hili si lako. Jicho lina tabia ya kusoma yaliyokusudiwa na moyo, si yaliyoandikwa na mkono. Andika “ya ya” mahali pa “ya” moja, nalo litapita bila kusita. Isome sentensi hiyo kwa sauti, na sikio litakataa.

Milton alingoja msomaji. Mwandishi asiyeona wa leo, aliye na mashine hiyo, hangoji: akikosea, aweza kuwa wa kwanza kujua, na akiisha kusahihisha, huipeleka barua yake bila ya kuomba macho ya mtu.