Picha za Kukumbukia Mashairi na Watungaji Wake

Mwalimu afundishaye mashairi ya Kiswahili katika Iringa au Mbeya hukuta neno moja: watoto hushika beti upesi, lakini jina la mtungaji huwaponyoka. Pate na Mombasa kwao ni majina tu, na wengi hawajaiona bahari. Hili si dogo, maana shairi lisilo na mwenyewe huhesabiwa upesi kuwa wimbo wa pwani tu.

Hila ya kufunga maneno na picha ni ya kale. Cicero, Mrumi, katika kitabu chake cha mwaka 55 kabla ya Kristo, asimulia habari za Simonides, mshairi wa Kiyunani. Nyumba ya karamu iliwaangukia wageni. Naye, aliyekuwa ametoka nje, akawatambua wafu kwa kukumbuka mahali alipoketi kila mmoja. Wala hila hii si ya Ulaya peke yake. Waluba wa Kongo walikuwa na lukasa, ubao wa kushika mkononi, wenye shanga na michoro. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliupapasa kwa kidole huku wakisimulia habari za wafalme. Ushanga haukuwa neno moja, bali mlango wa maneno mengi.

Katika Uhehe nchi yenyewe hufanya kazi hiyo. Lugalo ni kushindwa kwa jeshi la Zelewski, 1891. Kalenga ni kutekwa kwa boma, 1894. Mlambalasi ni kifo cha Mkwawa, 1898. Basi mtoto asiyepata kufika Pate apewe mahali gani?

Apewe mahali palipo ndani ya shairi. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir auonyesha moyo wake majumba ya Pate yaliyoharibika: taa zimezimika, popo wananing'inia juu, na vidaka vilivyopambwa kwa sahani vimekuwa viota vya ndege. Mtoto aichore nyumba hiyo, aipite chumba kwa chumba, na mlangoni aandike jina la Sayyid Abdallah. (Kidaka lazima kichorwe ubaoni kwanza, nyumba zetu hazina.) Utendi wa Mwana Kupona, wa 1858, ni mwepesi zaidi: mama mgonjwa amwita binti yake aje karibu na wino na karatasi. Mama huyo ndiye mtungaji. Mwenye kuikumbuka picha amemkumbuka naye.

Muyaka bin Haji ni mgumu. Mwalimu aweza kulifananisha jina lake na neno "mwaka". Jina litashikwa, lakini shairi halitashikwa. Tena mashairi yake ni mengi na mafupi, hayakai katika nyumba moja. Naona afadhali kila shairi lipate picha yake, na pembeni mwa kila picha ichorwe ile ngome ya Mombasa, waliyoishika Wamazrui hata 1837.