Goma: Mamluki, mkufunzi au mlinzi? Sheria inasemaje kuhusu wapiganaji wa kukodiwa

Mwisho wa Januari 2025, siku mbili baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, wanaume zaidi ya 280, wengi wao raia wa Romania, walivuka mpaka kuingia Rwanda. Walikuwa upande wa jeshi la Congo. Walipekuliwa, wakapandishwa mabasi hadi Kigali, kisha wakarudishwa kwao kwa ndege.

Mitandaoni waliitwa mamluki. Serikali ya Romania ilisema ni watu walioajiriwa kibinafsi na serikali ya Congo ili kufundisha jeshi lake.

Jina hilo si suala dogo. Ndilo linaloamua mtu akikamatwa atahesabiwa mfungwa wa kivita, raia wa kawaida au mhalifu.

Nani anaitwa mamluki kisheria?

Jibu liko kwenye kifungu cha 47 cha Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977. Kina masharti sita, na lazima yote yatimie kwa pamoja. Mtu awe ameandikishwa mahususi kwenda kupigana. Awe amepigana kweli. Awe amefuata pesa, tena malipo yanayozidi kwa mbali yale ya askari wa cheo kama chake. Asiwe raia wala mkazi wa nchi zinazopigana. Asiwe mwanajeshi wa upande wowote. Na asiwe ametumwa kikazi na jeshi la nchi nyingine.

Likikosekana moja tu, huyo si mamluki. Serikali ikimvalisha magwanda na kumwandikisha rasmi jeshini, ametoka. Mkataba wake ukisema ni mkufunzi na hakuna ushahidi kwamba alipigana, naye ametoka. Ndiyo maana neno "mkufunzi" hupendwa sana kwenye mikataba hii. Lakini mkufunzi akishika bunduki mstari wa mbele au kurusha droni ya mashambulizi, anapoteza kinga ya raia kwa muda wote anaofanya hivyo.

Anayebainika kuwa mamluki hana haki ya kuwa mfungwa wa kivita. Anaweza kushtakiwa kwa kule kupigana tu. Hata kabla ya itifaki hiyo, mwaka 1976 mahakama ya Luanda iliwahukumu mamluki 13, Waingereza na Wamarekani, na wanne wakapigwa risasi.

Kwa nini kesi ya Goma ni ngumu?

Kifungu cha 47 kinahusu vita kati ya mataifa, si vita vya ndani. Kinshasa inasema Rwanda ina wanajeshi wake ndani ya Congo. Kigali imekuwa ikikanusha kuiunga mkono M23. Ukifuata kauli ya Kigali, hii ni vita ya ndani na kifungu hicho hakiwagusi Waromania. Ukifuata ya Kinshasa, ni vita ya mataifa mawili, na hapo Congo yenyewe ndiyo inayofungua mlango wa watu wake wa kukodi kuitwa mamluki!

Afrika nayo ina mkataba wake dhidi ya umamluki, uliopitishwa Libreville mwaka 1977 na kuanza kutumika 1985. Ila uliandikwa wakati mamluki walikuwa wakitumika kupindua serikali na kuzima harakati za ukombozi. Serikali inayowakodi kujilinda haikuwa shabaha yake.

Nani anawajibika wakiua raia?

Hapa ndipo wananchi huumia. Septemba 2007, walinzi wa kampuni ya Blackwater ya Marekani waliwafyatulia risasi watu katika uwanja wa Nisour, Baghdad. Wairaki 17 waliuawa. Iraq haikuweza kuwashtaki, kwa sababu amri iliyowekwa na utawala wa Wamarekani mwaka 2004 iliwapa kinga makandarasi. Wanne walitiwa hatiani Marekani mwaka 2014, miaka saba baadaye. Desemba 2020, Rais Donald Trump akawasamehe wote.

Hati ya Montreux ya 2008 inazikumbusha nchi zinazokodi kampuni hizi, na nchi zinakotoka, kwamba wajibu wao haukabidhiwi kwa kampuni. Lakini si mkataba, haimfungi mtu. Sheria za nyumbani nazo hutegemea utashi: Urusi inakataza umamluki katika kanuni zake za adhabu, na bado Wagner ilipigana Ukraine, Syria na Afrika ya Kati.

Pesa na mkataba ukiisha

BBC iliripoti kuhusu mikataba ya Waromania hao iliyoonyesha malipo ya kuanzia dola 5,000 kwa mwezi kwa wenye uzoefu, wakati askari wa kawaida wa Congo alikuwa akipata kama dola 100, tena mara nyingine bila kulipwa. Askari anayelala handaki moja na mgeni wa namna hiyo anajua hesabu.

Wapo waliofanikiwa vitani. Executive Outcomes ya Afrika Kusini iliwarudisha nyuma waasi wa Sierra Leone kuanzia 1995. Kampuni ikaondoka Januari 1997. Mei mwaka huohuo, Rais Ahmad Tejan Kabbah akapinduliwa na wanajeshi wake mwenyewe.

Na Rwanda kupokea watu wa namna hii kutoka Congo si jambo jipya. Novemba 1967, Jean Schramme na mamluki wake zaidi ya 100, walioasi dhidi ya Mobutu na kuishika Bukavu kwa takriban miezi mitatu, walivuka mto Ruzizi na kunyang'anywa silaha upande wa pili. Mobutu aliwadai. Walikaa Rwanda hadi Aprili 1968, ndipo ndege za Msalaba Mwekundu zikawarudisha Ulaya.