Shahidi wa Mpaka: Wazee wa Gatete katika Nchi ya Mawese

Ukitoka Bujumbura kwenda kusini, ziwa likiwa mkono wa kulia, unapita Minago, halafu michikichi inaanza kukusindikiza hadi Rumonge na kuendelea kuelekea Nyanza-Lac. Zoni ya Gatete imo katika ukanda huo. Huku mawese ndiyo fedha ya ada ya shule, ya mahari na ya kesi. Ndiyo maana huku heshima ya mzee haipimwi kwa kuamkiwa tu. Inapimwa kwa kulala akijua shamba ni lake, na kwa neno lake kusikilizwa panapogombaniwa mpaka.

Burundi ya zamani iliweka kazi ya kuamua migogoro kama hiyo mikononi mwa abashingantahe, waamuzi wa kilima. Si kila mwenye mvi aliitwa hivyo. Mtu alichunguzwa kwa miaka, akafundishwa kusema kweli na kutunza siri, kisha akavikwa cheo mbele ya watu katika karamu ya pombe aliyoigharimia mwenyewe. Masikini asiye na cha kukaribishia wageni alibaki nje, hata awe na busara kiasi gani. Batwa na wanawake hawakuvikwa, ingawa mke wa mwamuzi alishiriki sherehe na alitarajiwa kubeba adabu ya nyumba hiyo. Tunaposifu mila hii, na inastahili sifa, tukumbuke pia wale iliowaacha mlangoni.

Pwani ya ziwa ilikuwa na historia yake. Wafanyabiashara kutoka Ujiji walifika hapa katika karne ya 19, wakaacha Kiswahili na Uislamu, na Rumonge ikawa na wazee wa msikiti pamoja na wazee wa kilima. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yalipita ufukweni, na Wajerumani wakawahamisha watu mbali na maji yenye mbung'o. Wabelgiji walipochukua nchi baada ya 1916 walipanga upya machifu na mahakama, na mwamuzi wa kilima akajikuta chini ya karani. Kwa hiyo hata kabla ya uhuru wa 1962, kumbukumbu ya nani alilima wapi katika tambarare hii ya Imbo ilikuwa imekatwa na kuungwa mara kadhaa.

Pigo kubwa lilikuja 1972. Tarehe 29 Aprili, waasi wa Kihutu walishambulia Rumonge na Nyanza-Lac na kuua Watutsi wengi. Serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa mauaji ya Wahutu nchi nzima, na waliouawa wanakadiriwa kufikia malaki. Walionusurika pwani walivuka kwenda Zaire na Tanzania, na waliofika Tanzania wakapelekwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Mashamba yao yakagawiwa wengine, mengine yakaingia katika miradi ya michikichi ya serikali. Sheria ya ardhi ya 1986 ikaja kusema kwamba aliyekaa juu ya shamba miaka 30 anaweza kulimiliki. Hesabu ni rahisi: toka 1972, miaka 30 inaishia 2002, wakati mkimbizi bado yuko Mishamo.

Mkataba wa Arusha wa 28 Agosti 2000 ulisema mkimbizi arudishiwe mali yake au alipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine, CNTB. Mwanzoni, chini ya Padri Astère Kana, tume ilielekea kuwashauri wahusika wagawane. Tangu 2011, chini ya Monsinyori Sérapion Bambonanire, ilielekea kumrudishia mwenye asili shamba zima. Kwa njia zote mbili, ushahidi mkubwa ulikuwa kinywa cha mzee. Hati zilikuwa chache. Aliyejulikana kuikumbuka minyaa ya mpaka, mti uliopandwa na nani na kijito kilichohamia wapi, aliitwa na pande zote.

Hapo ndipo heshima ilipogeuka mzigo. Mzee aliyesema alimpa mmoja na kumnyang'anya mwingine, na wote wawili ni majirani zake. Baadhi ya walionunua mashamba hayo kwa nia njema walikuwa nao wazee sasa, wamewazika watoto wao katika ardhi hiyo hiyo. Sioni namna ya kuwaita hawa wavamizi tu, wala ya kumwambia aliyerudi kwamba miaka ilimpita. Wakati huohuo abashingantahe walipungukiwa nguvu: sheria ya komini ya 2010 haikuwataja tena, na kilima kikabaki na washauri waliochaguliwa kwa kura, wengi wao wadogo kuliko mgogoro wanaouamua. Muda wa CNTB uliisha 2022, na kesi zilizosalia zikawa za mahakama.

Walio katika hali ngumu zaidi ni wajane. Burundi haina sheria ya mirathi inayompa mwanamke fungu katika ardhi ya ukoo; mila ndiyo inayotawala. Bibi aliyerudi bila mume wala mtoto wa kiume anadai kupitia shemeji, na shemeji anaweza kuwa ndiye mdaiwa.

Nje ya shamba pia hakuna pa kuegemea. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mwenye miaka 70 pensheni bila kumuuliza alifanya kazi wapi. Nchini Burundi pensheni ni ya aliyechangia akiwa na ajira rasmi. Mvuvi na mkulima wa michikichi hawamo. Itifaki ya Umoja wa Afrika ya haki za wazee ilipitishwa Januari 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, na inataja waziwazi haki za wanawake wazee katika mali, ardhi na urithi. Kwa mwenye kesi Gatete, hata hivyo, ofisi ndiyo inayohama: kabla ya 2015 alitegemea Bururi, kisha Rumonge ikawa mkoa, na tangu 2025 Rumonge ni komini ya mkoa wa Burunga, ambao makao yake ni Makamba. Nauli ya kufuatilia faili hutoka kwenye mawese, kama mawese ni yake.