UVIMBE WA UBONGO UKIRUDI: NJIA ZILIZOPO HAPA DAR

Wadau, kuna familia zikishaambiwa uvimbe wa ubongo umerudi zinakata tamaa hapohapo. Jamani, tusikimbilie huko. Kwanza, kweli umerudi? Mionzi ya awali inaweza kuua sehemu ya ubongo, na kwenye MRI ikaonekana kama uvimbe mpya. Ndiyo maana picha za zamani hazitupwi, daktari anazilinganisha na mpya.

Ukithibitika, aina yake ndiyo inaamua. Meninjioma mara nyingi si saratani. Ikirudi inaweza kutolewa tena au kupigwa mionzi. Kiboko ni glioblastoma. Hiyo karibu kila mara inarudi, na haina dawa ya kuiponya. Madaktari wanaangalia imekaa wapi, mgonjwa ana nguvu kiasi gani, na mionzi ya kwanza alipata lini (ubongo una kiwango chake, haupigwi ovyo). Dawa kama temozolomaidi na lomustini huwaongezea muda baadhi, si wote.

Upasuaji upo MOI pale Muhimbili, si mbali na Kariakoo. Mionzi ni Ocean Road, walioanza kutumia mashine za LINAC mwaka 2018. Wana pia tiba shufaa ya kutuliza maumivu, na hiyo si kumtupa mgonjwa, inakwenda pamoja na tiba nyingine.

Halafu deksamethasoni: inapunguza maji yanayojaa kuzunguka uvimbe, kichwa kinapoa, mtu anajiona kapona, anaiacha. Hatari! Inapunguzwa polepole, na daktari. Akipata degedege au asipoamka, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.