Kutoka Mtaa wa Madobi hadi Kileleshwa: Historia ya Kazi ya Kusafisha Mazulia Nairobi

Katika miji mingi ya Uingereza na Marekani, mwenye nyumba ambaye zulia lake limechafuka ana njia mbili: akodi mashine dukani kwa siku moja aifanye kazi hiyo mwenyewe, au amwite fundi aje na vifaa vyake. Nairobi njia ya kwanza haijapata kuwa desturi iliyoenea, na anayetafuta sababu katika ubora au bei ya mashine hataiona yote, kwa kuwa sehemu kubwa ya sababu hiyo imo katika historia ya jiji lenyewe, yaani nani aliyefua na nani aliyefuliwa, maji yalitoka wapi, na kilichooshwa kilianikwa katika uwanja wa nani.

Reli kutoka Mombasa ilifika mahali pa maji baridi, ambapo Wamaasai walipaita Enkare Nyrobi, mwezi Mei mwaka 1899. Ujenzi wake ulikuwa umewaleta zaidi ya vibarua 30,000 kutoka Bara Hindi, na nyuma ya reli hiyo walikuja pia wafanyabiashara, makarani, mafundi na madobi. Dobi ni neno ambalo Kiswahili kililipata kutoka lugha za Kihindi, ambako lilimtaja mtu wa ukoo uliorithi kazi ya kufua nguo za wengine. Katika Kiswahili lilipoteza maana ya ukoo likabaki na maana ya kazi. Kufikia mwaka 1909 mji ulikwisha kugawanyika katika sehemu zinazotambulika, nazo ni kitovu cha reli, nyumba za wafanyakazi wa reli, soko la Wahindi, eneo la biashara na utawala la Wazungu, vitongoji vyao vya makazi, kambi ya jeshi iliyokuwa nje ya mji, na mtaa wa madobi. Si jambo dogo kwamba mji wenye umri wa miaka 10 ulikuwa na mtaa mzima uliojulikana kwa kazi ya kufua, kwa maana hilo laonyesha kuwa tangu mwanzo usafi wa Nairobi ulikuwa ajira ya mtu mwingine.

Usafi huohuo uligeuzwa kuwa hoja ya kuwatenga watu. Tauni ilipozuka mwaka 1902, soko la Wahindi liliteketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu, na Profesa W. J. Simpson, aliyeletwa mwaka 1913 kuchunguza afya ya miji, alipendekeza makazi yatengwe kwa rangi. Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ulikataa utengano wa lazima kisheria, lakini masharti yaliyoandikwa katika hati za ardhi yaliendelea kuulinda, hata vitongoji vya magharibi na kaskazini-magharibi vikakua kwa mpango huo: Wazungu walienea Kilimani, Kileleshwa na Lavington, na Parklands ikaja kuwa makao ya Wahindi wengi. Hivyo yule aliyesafisha nyumba aliweza kulala karibu na nyumba hiyo kama mtumishi tu, katika vyumba vya nyuma ambavyo Wanairobi huviita SQ hadi leo.

Katika nyumba hizo ndimo zulia lilimoanza kuwa na historia yake mbali na ile ya nguo. Uswahilini sakafu ilitandikwa mkeka au jamvi, vitu vya ukindu vinavyokung'utwa na kukunjwa, ingawa majina busati na zulia, yenye asili ya Kiarabu na Kiajemi, yaonyesha kuwa mazulia ya kufumwa yalijulikana pwani zamani kabla ya reli. Zulia la sufu la sebule ya Kizungu lilikuwa zito, nalo lilikaa juu ya ardhi isiyolihurumia: udongo wa magharibi mwa Nairobi ni mwekundu, laini kama unga wakati wa kiangazi na wenye kunata wakati wa mvua, na chembe zake zikishaingia kwenye mizizi ya nyuzi hazitoki kwa ufagio. Halikupelekwa kwa dobi. Lilibebwa nje na mtumishi, likatundikwa kwenye kamba au ukutani, likapigwa kwa fimbo mpaka vumbi likome kutoka. Mtumishi huyo kwa muda mrefu alikuwa mwanamume, ambaye kuanzia miaka ya 1919 na 1920 alilazimika kubeba kipande, karatasi ya utambulisho na kumbukumbu za ajira iliyovaliwa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Naye aliitwa boi hata kama alikuwa na wajukuu. Ufundi wake wa kujua zulia lipi lapigwa na lipi lapigwa polepole haukuandikwa popote katika kipande hicho.

Wakati huohuo mashine ilikuwa ikizaliwa kwingine. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza Hubert Cecil Booth aliandikisha hataza ya kifyonza vumbi, chombo kikubwa kilichokokotwa na farasi mpaka mbele ya nyumba ya mteja, kisha mipira mirefu ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 kilitumika kusafisha mazulia ya Westminster Abbey kabla ya Mfalme Edward VII kutawazwa. Jambo hili lafaa kukumbukwa, kwa kuwa mashine ya kwanza ya aina hiyo ilikodiwa pamoja na watu wake. Ni baada ya Mmarekani James Murray Spangler kupata hataza ya mashine ndogo mwaka 1908 na kuiuza kwa familia ya Hoover ndipo kazi ilipoanza kurudi mikononi mwa mwenye nyumba, na vita viwili vya dunia vilipokwisha kuwatoa watumishi katika nyumba za tabaka la kati, mashine ilishika nafasi yao. Kampuni kama Rug Doctor ya California ziliendeleza mkondo huo katika miaka ya 1970, zikiweka mashine za maji moto madukani ili yeyote azikodi kwa siku. Nairobi ilikuwa na umeme tangu muongo wa kwanza wa karne ya 20, lakini huko kifyonza vumbi hakikumwondoa mtumishi: kilitiwa mikononi mwake.

Uhuru ulipokuja, katikati ya jiji kulijengwa upya. Hoteli za Hilton na InterContinental zilifunguliwa mwaka 1969, jumba la mikutano la KICC likakamilika mwaka 1973, na majengo ya aina hiyo yalihitaji usafi usioweza kufanywa kwa fimbo, kwa sababu zulia lililogandishwa sakafuni kutoka ukuta hadi ukuta halibebwi nje. Hapo ndipo kampuni za usafi zenye mikataba zilipopata kazi yao, ambayo mara nyingi hufanywa usiku ofisi zikiwa tupu. Wakati huo Kawangware na Kangemi zilikuwa zikijaa watu waliofanya kazi Lavington na Westlands bila kulala huko, na mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliochunguza ajira nchini Kenya ukaeneza jina la sekta isiyo rasmi kwa shughuli ambazo Wakenya wangekuja kuziita jua kali.

Mrithi wa boi na wa dobi kwa pamoja ni mama fua, mwanamke anayefua nyumba hadi nyumba kwa malipo ya siku. Bungalo zenye nyua zilipobomolewa Kilimani na Kileleshwa ili kupisha magorofa, hasa katika miaka ya 2000, mama fua alinyang'anywa kitu ambacho ramani za majengo hazikihesabu, nacho ni ukuta wenye jua. Shuka zaweza kuanikwa kwenye kamba za paa, lakini zulia la manyoya likishalowa halipandishwi ghorofa ya nane. Kazi hiyo basi imehamia panapooshwa magari, ambako tayari kuna maji, mteremko na mashine ya presha. Zulia hutandazwa kwenye sakafu ya saruji, hupigwa maji kwanza upande wa mgongo ili mchanga usukumwe nje badala ya kuzamishwa, hugeuzwa, humwagiwa povu, na vijana wawili hulisugua kwa brashi wakifuata mlalo wa nyuzi. Husuuzwa mpaka maji yanayotoka yaache wekundu, kwani sabuni inayobaki hunasa vumbi jipya upesi. Kisha hukunjwa na kusimamishwa wima kando ya ukuta lichuruzike, ndipo litundikwe kwenye bomba la chuma au seng'enge.

Mashine ya maji moto hufanya kinyume: hunyunyiza maji yenye dawa ndani ya nyuzi na kuyafyonza papo hapo, hata zulia likabaki na unyevu tu. Ugumu wake uko katika mkono wa asiyezoea, ambaye humwaga maji kuliko yanayoweza kufyonzwa. Mgongo wa katani ukaoza, rangi ikachujuka, na sufu, isiyovumilia sabuni kali wala maji ya moto sana, ikagandamana. Kwa mpangaji wa Nairobi kuna mengine zaidi, yaani dhamana ya mashine, usafiri wake, na maji yenyewe katika jiji lililoingia katika mgao mwanzoni mwa mwaka 2017 hata baada ya bwawa la Ndakaini kulihudumia tangu miaka ya 1990. Mwenye mashine naye ana hesabu yake, kwa kuwa pampu ikiungua mikononi mwa mgeni hasara ni ya mwenye kukodisha, na ujira wa kijana wa kuiendesha ni mdogo kuliko gharama ya kuitengeneza. Ndiyo sababu Nairobi mashine hukodishwa pamoja na mtu wake, kama ile ya Booth mbele ya madirisha ya London.

Udogo wa ujira huo ndio unaoshikilia mpango wote, na ni haki usemwe waziwazi. Anayelipwa kwa zulia moja hulipwa sawa Januari na Julai, ingawa Januari jua hulikausha upesi, ilhali katika baridi ya Julai, mawingu yakiwa yamelala juu ya Kangemi tangu asubuhi, zulia hilohilo hukaa siku kadhaa kwenye seng'enge, naye akiligeuza asubuhi, akiligeuza jioni, na kulifunika kila manyunyu yanapoanza.